Vijana wa Stoo

Mama yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mama Vifungo, kwa sababu hata ukimpelekea suruali ya kupunguza urefu tu, atakaza na vifungo vyote vinavyolegea, wala hatakudai. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, mwaka wa sita sasa. Watu wakiniambia nina bahati, nawaitikia tu, lakini moyoni najua kwamba bahati haikuhusika sana. Niliinuliwa na watu, na baadhi yao sikuwa nawajua hata kwa sura kabla ya wiki ninayotaka kuisimulia.

Barua ya kukubaliwa chuoni ilifika siku ya Jumanne. Mama aliisoma akiwa amesimama, akairudia akiwa amekaa, kisha akaniambia niisome kwa sauti ili ahakikishe kwamba macho hayamdanganyi. Ilikuwa na masharti mengi, lakini moja ndilo lililotutoa jasho: kila mwanafunzi afike Ijumaa ya wiki inayofuata akiwa na cheti cha kuzaliwa, na atakayekosa, nafasi yake atapewa mwingine. Cheti changu kilikuwepo, kwa namna ya kusema. Miaka miwili nyuma paa lilivuja juu ya sanduku la bati, wino ukatiririka, na kilichobaki kilikuwa karatasi yenye madoa ya bluu. Hata jina langu halikusomeka.

Kesho yake tukaenda ofisi ya vizazi na vifo kuomba nakala. Kulikuwa na madirisha matatu ya vioo, kila moja na tundu dogo chini, dogo kiasi kwamba ukitaka kusema na karani lazima uiname kama unachungulia jiko. Ukutani palibandikwa orodha ya ada, nusu yake ikiwa imefunikwa na kalenda ya mwaka uliopita. Tulikaa kwenye benchi mpaka zamu yetu ikafika, dirisha la tatu.

Karani alikuwa mtu mpole. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayezungumza chumbani alimolala mgonjwa. Alipokea fomu, akaangalia mwaka niliozaliwa, akavuta pumzi.

"Mama, kitabu cha mwaka aliozaliwa kiko chini, stoo," akasema. "Kule kuna vumbi, kuna panya. Vijana wa stoo hawashuki hivi hivi. Wewe ni mtu mzima, unaelewa."

Mama akasema anaelewa, vumbi ni baya kwa kifua. Akauliza ni kiasi gani, na kama kitaandikwa kwenye stakabadhi pamoja na ada. Karani akatabasamu kama mtu aliyeulizwa na mtoto watoto wanatoka wapi.

"Hicho hakina stakabadhi, mama."

"Basi nipokelee chenye stakabadhi, hicho kingine niache nacho."

Karani hakukasirika. Alipokea ada, akaandika stakabadhi kwa mwandiko safi, akaitia fomu yetu kwenye droo na kusema tuje kesho. Alhamisi tukaja, akasema kitabu hakijaonekana. Ijumaa akasema vijana hawakufika kazini. Tulipokuwa tukitoka siku ile, Mama alikuwa ameshampa jina: Bwana Kesho.

Jumapili mama mkubwa akaja nyumbani. Yeye ni dada wa Mama wa kuzaliwa tumbo moja, mpishi wa shule, mwanamke asiyependa kupoteza muda. Alisikiliza kisa chote, kisha akafungua pindo la kanga, akatoa noti mbili na kuziweka juu ya cherehani.

"Penye udhia penyeza rupia," akasema. "Wahenga hawakuwa wajinga."

Mama akakata uzi kwa meno. "Wahenga waliosema hivyo walikuwa na rupia, dada. Wasiokuwa nazo hawakuulizwa."

Mama mkubwa akamwambia asilete utani kwenye maisha ya mtoto. Nami nikaingia, na mpaka leo nakumbuka sauti yangu ilivyokuwa. Nilimsihi alipe. Nilisema kila mtu analipa, na kwamba tukikosa nafasi hii kwa sababu ya noti mbili nitamlaumu maisha yangu yote. Nilisema hivyo kwa mama yangu, ambaye alikuwa na alama za sindano kwenye kila kidole kwa ajili ya ada zangu za shule.

Hakunigombeza. Aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akatusimulia jambo ambalo hata dada yake hakuwa akilijua.

Nilipokuwa na miaka minne, bibi aliugua kifua. Hospitali ilikuwa imejaa, akalazwa kwenye mkeka ukumbini pamoja na wengine. Mhudumu mmoja akamnong'oneza Mama kwamba kitanda kinaweza kupatikana, akitaka. Mama akatoa. Jioni ileile bibi akaletewa kitanda cha magurudumu, wakaanza kumsukuma kuingia wodini. Njiani kulikuwa na mama mmoja mzee kwenye mkeka, yuko na binti yake, na kila mtu pale ukumbini alijua kwamba wao walifika siku moja kabla yetu.

"Yule binti hakusema neno," Mama akasema. "Alimkunja tu mama yake miguu, kitanda chetu kipite."

Bibi alipona, akaishi miaka sita zaidi. Nikamuuliza Mama, na yule mzee mwingine je?

"Sikuuliza. Kesho yake nilipita pale, nikakuta mkeka mtupu, na sikuuliza. Huyo ndiye ninayelala naye moyoni mpaka leo." Akaninyooshea barua ya chuo iliyokuwa mezani. "Unakwenda kusomea kuwalaza watu vitandani, mwanangu. Sitaki uingie kwa mlango ule."

Mama mkubwa alichukua noti zake. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kwamba nafasi ikipotea asije mtu kumlilia yeye. Lakini Jumatatu, kabla jua halijapasha mabati, alikuwa ameshafika kwenye kibanda cha Mama cha kushonea, ameomba ruhusa kazini, amekaa kwenye kiti cha fundi ili apokee nguo za wateja wakati sisi tukiwa kwenye benchi. Hakukubaliana na Mama hata kidogo, lakini alikuja. Jambo hilo sijawahi kumshukuru vya kutosha.

Siku hiyo Mama alikwenda na kazi. Alibeba mfuko wa mashati ya shule, akakaa kwenye benchi kama aliyehamia, akaanza kutoboa matundu ya vifungo. Mtu anayeshona hutazamwa, na anayetazamwa ni rahisi kusemeshwa. Haikupita saa moja, alikuwa anajua shida ya kila aliyekaa karibu.

Aliyekuwa kushoto kwetu ni mzee mmoja aliyeendesha malori miaka thelathini na tisa. Wenzake walimwita Breki, kwa sababu ndicho kitu alichokikagua kwanza kila asubuhi, na jina likamganda. Alikuwa anafuatilia cheti cha kifo cha mkewe. Alikuwa amekwenda dirisha la tatu kila Jumatatu kwa wiki nne, na kila mara karani alimwambia jambo kwa sauti ya chini, yeye akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akarudi nyumbani.

"Huwa anakwambia nini, mzee?" Mama akamuuliza, akiwa amesogea kwenye sikio lake la kulia, maana la kushoto lilikuwa limekufa kabisa.

"Sijui, mwanangu. Simsikii."

Kumbe mtu alikuwa anaombwa rushwa mwezi mzima bila habari. Mama alipomweleza, mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na benchi zima likacheka naye bila kujua sababu. Kisha akaokota kofia, akaikung'uta gotini kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.

"Mke wangu ndiye aliyekuwa akinisikilizia," akasema.

Tukawajua na wengine. Kinyozi mmoja, kijana mwembamba, alikuwa ameshawalipa hao vijana wa stoo, kisha akaombwa tena kwa kuwa wa kwanza walikuwa wamebadilishwa zamu. Mama mmoja wa mapacha alikuwa ameambiwa atoe mara mbili, kwani watoto wawili ni vumbi mara mbili. Kila mmoja alikuwa anaona aibu, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyebanwa.

Mama hakutoa hotuba. Hajui kuhutubia, na huwa anatetemeka hata akiombwa kufungua kikao cha wazazi shuleni. Alisema tu, huku sindano ikiendelea, kwamba jambo hili linapenda watu wawili na sauti ya chini. Basi wasiende dirishani mmoja mmoja. Kila anayeitwa asindikizwe na mwenzake, na karani akinong'ona, aombwe kwa adabu arudie. Wasimtukane wala wasigombane naye. Aombwe kurudia tu.

Jumatatu ile dirisha la tatu lilifungwa mapema. Jumanne tukarudi. Mzee Breki akaitwa wa kwanza, na Mama akainuka naye. Mimi nilikuwa nyuma yao hatua mbili.

Karani akamuuliza Mama huyu mzee ni nani wake.

"Leo mimi ni masikio yake," Mama akajibu.

Karani akainama kwenye tundu, akasema yale maneno yake. Nilitegemea Mama amwambie tena mzee sikioni. Hakufanya hivyo. Alitazama orodha ya ada ukutani. Mzee Breki naye akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema kwa nguvu, mjukuu wangu. Sikio hili lilibaki kwenye injini."

Karani akaongeza sauti kidogo. Alisema kuna vijana.

"Vijana wamefanya nini?"

Wako stoo, karani akasema, na safari hii hata mimi nilimsikia vizuri. Mzee akasema yeye hakuja kutafuta vijana, amekuja kwa ajili ya mke wake, amefariki. Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa kuzuia kicheko. Karani alikuwa ameanza kutoka jasho juu ya mdomo. Nadhani alikuwa amechoka, na pengine kwa mara ya kwanza hakupima sauti yake.

"Nimesema vijana wa stoo wanataka chochote, ndipo washuke!"

Ofisi nzima ikanyamaza, feni tu ndiyo iliyosikika ikizunguka. Karani mwenyewe alionekana kama mtu aliyesikia sauti yake kwenye redio.

Kando ya dirisha la tatu kulikuwa na mlango mwembamba wa ngazi za kushukia chini. Pale mlangoni alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, koti lake la kazi limechanika kwapani, amekumbatia mafaili. Hakuna aliyemwona akipanda.

"Vijana gani?" akauliza.

Karani akaanza kupanga kalamu zake.

"Stoo niko mimi peke yangu," yule mwanamke akasema. Alikuwa anamwambia karani, lakini sote tulisikia. "Mwaka wa kumi na saba huu. Na toka mwezi uliopita hujaniletea fomu hata moja ya kuomba kitabu. Nilidhani watu wameacha kuja."

Alishusha mafaili sakafuni, akazunguka kaunta, akaomba afunguliwe droo. Hakuivuta kwa nguvu wala hakupaza sauti. Alisimama pale, mkono umenyooshwa, mpaka karani akampa ufunguo. Ndani mlikuwa na fomu zetu zote, zimepangwa vizuri na kufungwa kwa mpira. Yangu ilikuwa karibu na juu.

Kelele, au labda ukimya, ulimtoa msimamizi chumbani kwake. Karani akawahi kusema kwamba ni kutoelewana tu, kwamba mzee huyu hasikii vizuri.

"Ni kweli, sisikii," Mzee Breki akasema. "Lakini hawa wanasikia."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati mwingine wote, kwa sababu hakuna aliyeinuka. Watu walitazama viatu vyao. Nilihesabu feni ikizunguka. Kisha yule kinyozi akasimama, akasema yeye alitoa mara moja na kuombwa mara ya pili, na anaona aibu kwamba alitoa. Mama wa mapacha akasimama, mtoto mmoja mgongoni na mmoja mkononi mwa jirani. Baada yake wakasimama wawili, halafu wanne. Mama alikuwa ameshika mkono wa Mzee Breki, na sijui nani alikuwa akimshikilia mwenzake.

Msimamizi hakutupa ahadi yoyote kubwa. Alichukua zile fomu, akazikabidhi kwa mtunza stoo, akamwita karani ofisini kwake na kufunga mlango. Baadaye tulisikia amehamishwa kwenda ofisi isiyoonana na watu. Kama aliadhibiwa zaidi ya hapo, sijui. Mwaka uliofuata alipishana na Mama barabarani, na Mama akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani.

Mtunza stoo alishuka na kupanda ngazi zile mara tisa asubuhi hiyo. Kitabu changu kilichukua kama robo saa. Alikiweka juu ya kaunta, akapangusa jalada kwa mkono wa koti, akafungua ukurasa kwa uangalifu kama anafunua uso wa mtoto aliyelala. Nilikuwa pale, kwenye mstari wa kumi na moja: jina langu, siku, uzito. Na mwisho wa mstari, mahali pa saini ya mzazi aliyeandikisha, kulikuwa na saini ya baba.

Baba alifariki kabla sijatimiza mwaka. Tulikuwa na picha yake moja, amevaa shati la mikono mifupi, amekunja uso kwa jua. Sikuwahi kuona kitu alichokifanya kwa mkono wake. Saini ilikuwa ndogo, imelala kidogo upande wa kulia, na mwishoni alikuwa ameikandamiza kalamu mpaka karatasi ikabonyea. Mtunza stoo aliona ninavyotazama. Kulikuwa na watu wanasubiri, lakini alijifanya anatafuta kalamu yake, akaitafuta kwa muda mrefu, na kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake.

"Pitisha kidole, haifutiki," akaniambia.

Cheti kilisainiwa Alhamisi mchana. Ijumaa nilikuwa chuoni kabla ya lango kufunguliwa. Mzee Breki naye alipata cha mkewe, na alipokipokea alikisoma chote, akamwomba Mama amhakikishie kwamba jina limeandikwa sawasawa, kisha akakiweka ndani ya kofia na kuvaa kofia.

Wiki iliyofuata Mama alishona koti la kazi. Alinunua kitambaa kizito cha kijivu, akaweka mifuko minne na kwapa za kutosha mtu kuinua mafaili. Tulilipeleka pamoja siku ambayo sikuwa na vipindi, maana nilisoma nikitokea nyumbani. Mtunza stoo alilipokea, akaligeuza, akatazama mishono kwa ndani kama ajuaye. Alilipenda, nilimwona. Kisha akalikunja na kulirudisha mikononi mwa Mama.

"Dada yangu, nisamehe," akasema. "Nikilivaa hili, kesho mwingine atakuja akidhani lazima naye alete. Na mimi nitaanza kutazama mikono ya watu."

Mama aliona haya. Alisema hakuwa na nia hiyo, na mtunza stoo akasema anajua, ndiyo maana anamwambia kwa upole. Tulirudi nyumbani na koti letu. Njia nzima Mama alikuwa anajiuliza: sasa mtu kama huyu unamshukuru vipi? Maana tulikuwa tumeshasikia kwamba mambo hayakuwa rahisi kwake. Wenzake wa juu walikuwa wameacha kumwita wakati wa chai, na mmoja alimwambia amewaharibia riziki.

Mwishowe aliyepata jibu ni mama mkubwa, yule yule wa rupia. Alisema asiyechukua kitu huenda akachukua neno. Basi tukaandika barua kwa mkuu wa ofisi. Mimi ndiye niliyeandika, Mama akitamka huku akishona, akinisimamisha kila nilipotaka kutia maneno makubwa. Ilisema siku gani, kitabu gani, ngazi zile alizipanda mara ngapi, na kwamba hakuchukua chochote kwa yeyote. Mzee Breki aliweka saini yake kwanza. Mama alizunguka kutafuta wengine waliokuwa kwenye benchi siku ile. Kinyozi aliwapata watatu kwa kuwauliza wateja wake. Tulifika kumi na wawili, na mama wa mapacha akachovya vidole gumba vya wanawe kwenye wino, akasema nao walihusika.

Siku ya kuipeleka tulimkuta mtunza stoo nje, anakula mkate peke yake kwenye ngazi za nyuma. Mama alimwonyesha barua kabla ya kuipeleka ndani, kwa kuwa hakutaka kusema jambo la mtu bila yeye kulijua. Aliisoma polepole. Alipofika kwenye vidole vya mapacha akacheka, na baada ya kucheka akafuta macho kwa kiwiko.

Akatuambia kwamba kwenye faili lake la kazi, kwa miaka yote hiyo kumi na saba, kuna barua moja tu. Ni ya onyo, kwa kuchelewa siku ambayo mwanawe wa mwisho alizaliwa.

Akauliza kama tunaweza kuandika nakala ya pili, moja ibaki kwake. Mama akaketi pale pale kwenye ngazi, akaweka mfuko wa nguo magotini uwe meza, na mimi nikaanza kunakili. Mtunza stoo akamega mkate wake vipande vitatu.